Hakuna Mama Aliyeulizwa

Tirza Elkayam alikuwa na kalamu kali na droo moja ambayo hakuifungua mbele ya watu. Kalamu yake nchi nzima iliijua. Kila Ijumaa, kwa miaka minne, safu yake ilikaa ukurasa wa tatu wa gazeti, na kila Ijumaa ilisema jambo lile lile kwa maneno mapya: tutoke Lebanoni. Waliomuunga mkono waliikata wakaibandika kwenye mlango wa friji. Wasiomtaka waliifungia samaki, na wengine wakampigia simu nyumbani kwake Haifa kumtukania mama aliyemzaa. Droo ndiyo hakuna aliyeijua. Ndani yake mlikuwa na nakala ya fomu ya jeshi yenye saini yake mwenyewe, inayoruhusu mwanawe wa pekee apelekwe mstari wa mbele.

Maana nchi ile ina sheria yake. Mwenye wana watatu au wanne haulizwi; jeshi huwachukua na kuwapeleka linakotaka. Lakini mtoto wa pekee hapelekwi vitani mpaka mzazi atie saini. Baba yake Yoash alikufa kwa ugonjwa wa moyo kijana akiwa na miaka tisa, kwa hiyo saini iliyohitajika ilikuwa moja tu. Alipofika miaka kumi na minane, Yoash aliiweka ile fomu mezani, kati ya chumvi na mkate.

"Mama, usiposaini nitakaa miaka mitatu bohari, nakunja blanketi," alimwambia. "Wenzangu wote wako juu, Lebanoni. Unataka nijifiche nyuma ya kaburi la baba?"

Tirza alikataa kwa miezi miwili. Kijana hakugomba wala hakununa. Alichofanya ni kuchukua sahani yake na kwenda kula chumbani peke yake, kila siku, asubuhi na jioni. Mama gani angevumilia? Akasaini. Ijumaa iliyofuata aliandika safu ya kuwachoma mawaziri wanaopeleka wana wa watu Lebanoni, na fomu hakuitaja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Fomu hiyo ilikuwa na mlango mmoja wa nyuma: saini iliweza kuondolewa. Barua moja tu ya mzazi, na kijana angeshushwa kutoka ngome yake ya Lebanoni siku hiyo hiyo. Tirza alikwisha kuiandika barua hiyo. Hakuiwekea tarehe. Ililala droo ile ile, chini ya fomu, na kila alipomaliza kuandika safu yake aliigusa kuona kama bado ipo.

Ijumaa moja ya Januari mwaka elfu mbili, mvua ikiichapa Haifa tangu alfajiri, Prosper aliwaleta vijana wawili wa likizo, Yoash na mwenzake, kwa gari lake. Prosper alikuwa kaka yake Tirza, mkubwa kwake kwa miaka sita, fundi umeme wa Kiryat Shmona, mji ulio chini ya mpaka wenyewe, ambako wote wawili walikulia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza taa za mahandaki ambamo wenyeji hujificha makombora yakianza, na siku hizo hakukosa kazi. Mke aliwahi kuwa naye, mtoto hakujaliwa. Kila Yoash aliposhuka likizo, mjomba huyo alimngoja langoni mwa mpaka na chupa ya kahawa, mvua inyeshe isinyeshe.

Kijana wa pili alikuwa Eviatar Gamliel, rafiki wa Yoash wa ngome moja, Myahudi wa asili ya Yemeni kutoka mji wa Rosh Haayin, mwembamba, mwenye masikio ya kutosha watu wawili. Alikuwa apite tu, apande basi la kwao kabla ya Sabato kuingia. Lakini harufu ya kuskus ilimpokea ngazini, akasema basi la saa sita ni la watu wenye haraka.

"Kula, mwanangu," Tirza alimwambia. "Kwenu wanakulisha kweli?"

"Kwetu tuko wanaume watano, Mama Yoash. Anayechelewa kunawa anakuta mifupa. Mama mwenyewe akitaka kuniita anaanza na Uri, Beni, Asaf, Nadav, ndiyo ananifikia mimi. Akifika nimeshatoka nje."

Walicheka wote, hata Prosper ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka. Eviatar alinyoosha mkono akalitwaa gazeti la siku hiyo juu ya friji, akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "'Watoto wetu wamekaa katika ngome zisizolinda kitu isipokuwa heshima ya mawaziri.' Ee bwana! Mawaziri leo wamekoma."

"Hawakomi hao," Prosper alisema. "Tunaokoma ni sisi. Juzi nimelala handakini siku tatu, nashika tochi wanawake wabadilishe nepi. Wewe, dada, uko huku unatuandikia tutoke."

"Nakuandikia ili usilale handakini."

"Tukitoka ndiyo nitahamia huko moja kwa moja! Sikiliza nikwambie. Ukitoka mahali, mahali hapabaki patupu. Mwenzio anaingia. Leo kwenye kilima kile yupo Yoash. Kesho watakuwa wao, wamekaa uzioni wananitazama ninavyoanika chupi. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Miaka kumi na minane tunaziba ufa kwa watoto," Tirza akajibu. "Huo ukuta ungekuwa umeshajengwa mara ngapi?"

"Na huko Ulaya wanakushangilia! Gazeti la London limekutafsiri tena. Mpwa wa jirani yangu anasoma huko, ametuma. Wanasema, mwaona, hata wenyewe wanasema. Hiyo 'hata wenyewe' ndiyo wewe, Tirza. Wakitaka kututukana hawatafuti tusi siku hizi, wanafungua ukurasa wako."

"Kwa hiyo nyumba ikiungua nisipige yowe, kwa sababu majirani watasikia?"

"Piga yowe. Ila usiwaambie majirani kwamba tumeichoma wenyewe."

"Na kama tumeichoma wenyewe?"

Prosper aliweka kijiko chini. Eviatar, aliyeona mambo yanachacha na sahani yake haijaisha, akaingilia kwa nia njema kabisa, na nia njema ndiyo iliyoharibu.

"Mama Yoash, wewe huko juu ni nyota, unajua? Ile televisheni ya wale jamaa wa upande wa pili, wanaotupiga makombora, ilikusoma. Kwa Kiebrania! Tumekaa handakini, mara tunasikia, mwandishi Tirza Elkayam anawauliza wanajeshi, mnakufa kwa ajili ya nani? Na muziki wa msiba nyuma." Yoash alimpiga teke chini ya meza, lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Wakafanya nini wenzenu?" Tirza aliuliza.

"Wajinga wawili watatu walipiga makofi. Wakasema, Yoash, mama anakusalimu. Mimi nikazima televisheni, nikawaambia mama wa mtu haguswi. Mpaka leo haijawashwa, na tumekosa mpira."

Tirza alimtazama mwanawe. Yoash alikuwa anaviringisha tonge la mkate, hainui macho. Aliponena alinena polepole.

"Andika, mama. Sikukatazi, na huenda usemalo ni kweli. Mimi mwenyewe sijui ile ngome inalinda nini. Lakini usituite watoto. Mtoto haachiwi mlango wa nchi. Ukituita watoto unatupunguza, na wale jamaa wanasikia."

"Kwangu wewe ni mtoto."

"Kwako, sawa. Gazetini mimi ni askari."

Baadaye, Prosper akiwa amesinzia kitini na Eviatar amekimbilia basi lake na bakuli la kuskus mkononi, Yoash aliosha vyombo. Tangu udogo kijana huyo akiwa na jambo zito alisafisha masufuria. Mama yake alisimama kando na kitambaa, akisubiri.

"Barua nimeiona," Yoash alisema, mgongo umemgeukia. "Nilikuwa natafuta betri. Nimefungua droo."

Tirza aliendelea kuifuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Umeiandika, haina tarehe. Mimi sitaichana, ni yako. Lakini nakwambia mapema, mama, ili usije ukasema hukuambiwa. Ukiipeleka, usinitafute."

Jumapili alirudi juu. Alhamisi ya wiki ile, saa nne asubuhi, redio ilisema kombora limepiga ngome moja Lebanoni na kuna waliojeruhiwa. Kila mtu nchini alijua maana ya neno waliojeruhiwa likisemwa kwa sauti ile bila idadi. Majina hayatolewi mpaka familia zipashwe habari, na familia hupashwa na watu watatu wenye sare wanaobisha mlangoni. Tirza alizima redio ili asikie ngazi. Akasikia jirani wa juu akishuka na takataka, akafa. Akasikia mtu wa gesi, akafa mara ya pili. Saa tano na nusu Hanoch, mhariri wake, alipiga simu.

"Tirza, wafu wawili. Nataka maneno mia nane kufika saa kumi. Yale yako, ya moto."

"Ngome gani?"

"Sijui. Kwani ina tofauti gani? Makala ni ile ile."

Hanoch hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu. Tirza alikuwa amemwambia miaka yote kwamba mwanawe yuko jeshini, hakumwambia wapi, kwa sababu angeulizwa ni nani aliyesaini.

Saa nane majina yalitoka. Ilikuwa ngome nyingine. Tirza alilia kwa furaha, na alipojisikia analia kwa furaha juu ya maiti mbili za watu, alijichukia kuliko alivyowahi kuchukia waziri yeyote. Kisha akaifungua droo. Alijiambia: nchi nzima naiambia itoke, na mimi mwenyewe nimekaa. Nikitoka mimi, walau mmoja ametoka. Akaitia barua tarehe ya siku ile, akavaa koti, akaipeleka ofisi ya jeshi kwa mkono wake. Karani aliigonga muhuri bila kumtazama usoni.

Siku iliyofuata Yoash aliitwa na kamanda wake akaambiwa afungashe. Alipiga simu kutoka bohari moja katikati ya nchi, kutoka humo humo kwenye blanketi alizozikimbia.

"Umeipeleka."

"Yoash, nisikilize, mwanangu."

"Nilikwambia nini?"

"Kwamba nisikutafute. Basi usinitafute na wewe, lakini uwe hai. Nichukie ukiwa hai. Mimi nimeridhika."

Yoash akakata simu. Tirza aliketi na ile simu mapajani, na ni kweli aliridhika. Usiku ule alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu vuli ya mwaka juzi. Siku saba nzima alikuwa mama mwenye furaha, na asikuambie mtu kwamba furaha ya aina ile si ya kweli. Aliimba akikata vitunguu.

Siku ya nane simu ililia mchana.

"Mama." Sauti ilikuwa ya Yoash, lakini imekauka. "Komamanga imepigwa." Komamanga ndiyo ngome yake; zote walizipa majina ya miti na matunda, kama vile ni bustani. "Kibanda cha lindo cha mashariki. Kombora la kuvunjia vifaru, limeingia dirishani."

"Nani?"

"Karatasi ya zamu iliandikwa ya wiki mbili. Lindo la mashariki, saa nne mpaka saa nane, jina langu. Nilipoondoka sajini alilikata, akaandika jina jingine juu yake. Alinisomea sasa hivi kwenye simu, nilimlazimisha."

"Nani, Yoash?"

"Eviatar."

Yoash hakulia wala hakumlaumu. Afadhali angepiga kelele.

Tirza alibaki amesimama jikoni. Kilichomrudia kichwani hakikuwa uso wa kijana yule wala masikio yake. Lilikuwa neno la Prosper, lile alilolipinga mezani: ukitoka mahali, mahali hapabaki patupu, mwenzio anaingia. Bado aliamini kwamba lazima nchi itoke Lebanoni; mpaka leo anaamini. Lakini yeye hakuitoa nchi. Alitoa mmoja tu, wake, na pale alipokuwa amekaa pakaingia mwana wa Zohara Gamliel.

Sasa sikiliza alilolifanya, maana hapa ndipo kosa lenyewe lilipo. Hanoch alipiga simu akasema kuna askari mwingine amekufa, kijana wa Rosh Haayin, wana watano nyumbani, picha yake inaua mtu, andika. Na Tirza akaandika. Labda alifikiri anamlilia. Labda vidole vilikwisha kuzoea. Akaandika juu ya mama mwenye wavulana watano ambaye akimwita mmoja huanza kwa majina ya wenzake, na sasa atalifikia jina la mwisho na hakuna wa kuitika. Akaandika juu ya jeshi linalokusanya wana kama mavuno. Kichwa cha safu aliandika: Hakuna Mama Aliyeulizwa.

Katika miaka minne hakuwahi kuandika kitu kilichopendwa vile. Gazeti la London liliitafsiri, la Paris nalo. Wabunge wawili waliisoma bungeni, mmoja kwa kuisifu, mwingine kwa kusema waandishi wa aina hii wanawapa maadui risasi. Ile televisheni ya upande wa pili ikaisoma tena kwa muziki wa msiba. Barua zilijaa sanduku. Na kila neno lilikuwa kweli, isipokuwa kichwa cha habari.

Yoash hakurudi Haifa. Likizo zake zote alikwenda Kiryat Shmona. Prosper alipiga simu mara moja kwa wiki, kama mtu anayetoa taarifa ya mgonjwa.

"Yuko kwangu. Anakula."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Ijumaa anaondoka, Jumamosi usiku anarudi, sijui anakwenda wapi na simuulizi. Jana amesugua masufuria yangu mpaka yamebaki mapya. Dada, sikupigii nikusute. Ningekuwa na mwana na mimi ningeipeleka hiyo barua. Nakwambia kweli, na vita vyangu vyote hivi."

"Ulisema mahali hapabaki patupu."

"Nilikuwa nasema juu ya kilima, Tirza. Sikuwa nasema juu ya mtoto wa watu."

Mwezi wa tano, siku chache kabla ya Siku ya Ukumbusho wa askari waliokufa, Hanoch alimletea bahasha iliyofika gazetini. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyeandika mara nyingi. "Kwa bibi Tirza. Mimi ni mama yake Eviatar. Nimekusoma na nimekuhifadhi. Siku ya Ukumbusho uje usimame na sisi kaburini. Zohara Gamliel." Tirza aliigeuza barua ile usiku na mchana akitafuta namna ya kukataa. Haikuwapo.

Akaenda. Makaburi ya askari yamepangwa sawasawa, mawe ya kimo kimoja, mwana wa waziri na mwana wa fukara hulazwa vile vile. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye viti vidogo vya plastiki, wengine wamekuja na termosi na maandazi, maana humo huja kila mwaka na hujua jua lake. Zohara alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa cheupe kichwani, mikono mikavu ya mtu wa sabuni na maji. Alimshika Tirza mikono yote miwili.

"Ndiye wewe? Nilidhani mrefu." Akacheka kidogo, machozi yakamtoka hapo hapo. "Watu wote wameniletea maua, dada yangu. Wewe uliniletea neno." Akafungua mkoba, akatoa kile kipande cha gazeti, amekitia ndani ya mfuko wa plastiki kisichakae. "Hakuna mama aliyeulizwa. Nilipolisoma nikasema, huyu ameingia moyoni mwangu bila hodi. Mimi nina watano. Alikuja nani kuniuliza, Zohara, tumpeleke huyu ama yule? Alikuja nani? Na ile ya majina, kwamba namwita kwa kuanzia Uri! Umeijuaje?"

Tirza aliinamisha macho kwenye ule mfuko wa plastiki.

"Na wewe una watoto?"

"Mmoja," alisema.

"Mungu akulindie. Njoo nikuonyeshe wangu, na huyu wa sita niliyemwokota. Yoash! Njoo, baba."

Na Yoash akageuka. Alikuwa amesimama kati ya ndugu zake Eviatar, na sare yake, amekonda. Nyuma yake alikuwa Prosper, kofia mkononi. Miezi mitatu Tirza hakuuona uso ule.

"Huyu alikuwa rafiki wa marehemu," Zohara alisema, akimvuta mkono. "Kila Sabato yuko kwetu. Akija anaosha vyombo, nimemkataza mpaka nimechoka. Walimhamisha siku nane kabla, Mungu alimhurumia mama yake. Mnafahamiana?"

Yoash alimtazama mama yake. Hakukuwa na hasira usoni pake, na hilo ndilo lililomvunja Tirza.

"Mwambie, mama," alisema. "Mimi nimeshindwa. Kila Ijumaa nakwenda ili nimwambie, nasugua masufuria, narudi."

Zohara akamtazama huyu, akamtazama yule. "Mama?" akauliza taratibu.

Basi Tirza akasema. Hakusema kwa ufasaha, yeye aliyekuwa fundi wa maneno. Alisema kama mtu anayeungama dukani kwamba ameiba. "Kwa mtoto wa pekee wanauliza. Mimi waliniuliza. Nikasaini aende. Halafu nikaogopa, nikaandika barua nikaiondoa saini yangu, wakamshusha. Lindo lilikuwa lake. Wakampa Eviatar. Alikula kwangu, Zohara. Ile ya majina alinisimulia mwenyewe, mezani kwangu."

Zohara hakulia. Alikunja na kukunjua pembe ya kitambaa chake kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo kuna barua ya kumtoa mwana," alisema mwishowe.

"Kwa mzazi wa mmoja tu. Wewe hata ungeandika wasingeipokea."

"Nimesikia. Nisingeweza." Alitikisa kichwa. "Kumtoa wako sikulaumu. Ningekuwa na barua kama hiyo ningeipeleka kwa miguu, bila viatu. Yule aliyeingia baada yake ningemlilia na ningelala. Hilo baina yangu na wewe halipo."

Akautazama ule mfuko wa plastiki mkononi mwake, lile gazeti lililokatwa kwa uangalifu na mkasi.

"Lakini umeandika kila Ijumaa. Miaka minne. Umewaandika mawaziri, umeniandika mimi, mpaka jina la mwanangu umeliandika. Hilo la kuulizwa mbona hukuliandika?"

Zohara alimwekea kipande kile kiganjani, akamfunga vidole juu yake kwa upole, kama mtu anayemrudishia mgeni kitu alichosahau. King'ora kikalia. Saa tano kamili kinalia nchi nzima, dakika mbili, na kila mtu husimama alipo. Wakasimama. Zohara alisimama upande mmoja wa jiwe na wavulana wake wanne na Yoash. Tirza alisimama upande wa pili peke yake, mpaka Prosper alipozunguka akaja kusimama karibu naye. King'ora kilipokoma, Yoash aliinama kuviokota vile viti vidogo, akaondoka na akina Gamliel bila kugeuka.

Siku kumi na tano baadaye jeshi lilitoka Lebanoni lote, kwa siku mbili, mbio mbio, na asubuhi askari wa mwisho akafunga lango. Redio ilisikika kama imelewa. Gazetini walikata keki, na mtu fulani alimkumbatia Tirza akasema, umeshinda, bibi, umeshinda. Prosper alipiga simu kutoka Kiryat Shmona.

"Wako uzioni, dada. Wamekuja na bendera na wake zao na watoto, wanapiga picha. Nimetoa kiti nje, nawatazama wananitazama."

"Yoash?"

"Yuko hapa. Anawatazama na yeye. Leo hakuna kombora. Huenda ulisema kweli. Sijui. Nimpe simu?"

"Muulize."

Alisikia mkono ukifunika simu, sauti mbili za chini. Kisha Prosper akarudi. "Anasema baadaye."

Hanoch alimwachia ukurasa wa kwanza. Maneno elfu moja, alisema, na leo wafurahishe watu, wamengoja sana. Tirza aliketi mezani pake. Keki ilikuwa pembeni, haijaguswa, na kile kipande cha gazeti kilikuwa bado ndani ya plastiki ya Zohara. Aliandika: "Mimi niliulizwa." Alipofika kwenye nukta hakujua aandike nini tena, na Hanoch alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri.